Kosa la Kuandika Juu ya Noti Liko Wapi?

Shada la noti hutengenezwa hivi. Noti mpya, aghalabu zilizoombwa benki zikiwa bado zina harufu ya wino, huviringishwa moja moja mpaka zifanane na ua la waridi, zikabanwa kwa pini au stepla kwenye vijiti. Nyingine hushikizwa kwa gundi au selotepu, kisha zote hufungwa kwa karatasi ya kung'aa na utepe. Siku ya mahafali, harusi au Wapendanao mpokeaji anapiga nalo picha, na kesho yake anakaa mezani akichomoa pini kwa kucha. Kwa sheria ya Kenya, aliyelitengeneza shada hilo huenda ametenda jinai. Kifungu cha 367A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamtia hatiani yeyote ambaye kwa makusudi, bila idhini wala sababu ya kueleweka, anaichafua noti, anairarua, anaikata au kuiharibu kwa namna nyingine. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi 3, au faini isiyozidi shilingi 2,000, au vyote viwili. Shada la noti 40 za elfu moja moja linabeba faini hiyo mara 20.

Watu wakisikia habari ya kifungu hiki hugawanyika upesi. Wapo wanaouliza serikali inahusika vipi na karatasi iliyo mfukoni mwa mtu, pesa aliyoitolea jasho. Wapo wanaojibu kwamba noti ni nembo ya nchi sawa na bendera, na anayeitoboa ameidharau nchi. Kambi zote mbili zinagombania jambo ambalo sheria za pesa, kwa sehemu kubwa ya historia yake, hazikulilenga. Ukizifuatilia tangu enzi za sarafu za fedha utakuta swali lake lilikuwa hili: huyu aliyeibadilisha pesa alikuwa anamwibia nani? Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na kwa maoni yangu ndipo linapopaswa kubaki. Alama peke yake, iwe ya kalamu, ya pini au ya mhuri, haitoshi kumfikisha mtu kortini mpaka iwe imekusudiwa kumlaghai mwingine au kuiondoa pesa kazini.

Turudi kwanza kwenye wakati ambapo sarafu ilithaminiwa kwa uzito wake. Uingereza ya karne ya 17 ilijaa shilingi za fedha zilizogongwa kwa nyundo, kingo zake hazilingani. Mwenye mkasi mzuri alikata kipande chembamba pembeni, akaitumia sarafu kwa thamani yake ile ile, kisha akayayeyusha makombo na kumuuzia mfua fedha. Akirudia hivyo kwa sarafu mia moja alibaki na donge la fedha safi na pesa zake zote mkononi. Aliyeumia ni yule wa mwisho kuipokea, siku ilipowekwa kwenye mizani. Sheria ililiita tendo hilo uhaini na kuliwekea adhabu ya kifo, lakini kitanzi hakikuukomesha mkasi. Mashine ndiyo iliyouweza. Sarafu za mtambo zilitoka duara kamili, zikiwa na mistari au maandishi ukingoni, hivyo iliyokatwa ilijulikana kwa kutazamwa tu. Kuanzia 1662 sarafu kubwa za krauni ziliandikwa ukingoni maneno ya Kilatini yenye maana ya pambo na kinga. Mwaka 1696 sarafu za zamani zilianza kurudishwa na kuyeyushwa upya, na mwaka huo huo Isaac Newton, yule yule wa nguvu za uvutano, akaanza kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha ufalme mjini London. Mistari unayoigusa ukingoni mwa sarafu nyingi leo, zikiwemo zisizo na chembe ya fedha, ni masalio ya vita hiyo na mkasi.

Kanuni za adhabu ambazo Waingereza waliziwekea Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1930 zilikuja na hofu hiyo hiyo. Katika kanuni ya Kenya kosa la kupunguza uzito wa sarafu bado limo, tena ni kosa kubwa. Ila soma masharti yake: mtuhumiwa lazima awe ameipunguza sarafu kwa nia kwamba, ikisha kupunguzwa, ipite kwa watu kama sarafu ya kawaida. Aliyeisaga kwa tupa ili atengeneze kidani hajaangukia humo, kwa kuwa hakutaka mtu aipokee kama pesa. Kifungu cha noti kiko jirani tu, na herufi A iliyo mkiani mwa nambari yake inaonyesha kilipachikwa baadaye kati ya vilivyokuwepo. Chenyewe kinadai makusudi tu, na makusudi ni kitu chepesi mno. Ukiandika nambari ya simu juu ya noti kwa kuwa huna karatasi, umeandika kwa makusudi. Hata hivyo hukuwa na nia ya kumlaghai mtu wala kuifanya noti ikataliwe. Sheria ya sarafu ingekuacha uende zako. Ya noti, ikisomwa neno kwa neno, inakutaka ueleze una sababu gani. Kwa hiyo sheria ile kongwe, iliyorithiwa kwa watu waliowahi kunyonga wakata sarafu, ni ya haki zaidi kuliko mdogo wake.

Wamarekani wameliandika jambo hili kwa uwazi zaidi. Kifungu cha 331 katika juzuu ya 18 ya sheria zao za shirikisho kinamwadhibu anayebadilisha, kukata au kupunguza sarafu kwa udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Neno hilo udanganyifu ndilo linalobeba kifungu kizima. Kwa sababu yake, kwenye makumbusho na bustani za wanyama za Marekani utakuta mashine ya mpini: unatumbukiza senti moja, unazungusha, inatoka imetandazwa umbo la yai, na picha ya twiga au ya mnara juu yake. Mchezo huo ulijulikana kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893 na haujapigwa marufuku, maana hakuna muuza duka atakayelaghaiwa na senti iliyopondwa namna hiyo. Linganisha na yaliyotokea miaka 10 kabla. Mwaka 1883 serikali ilitoa sarafu mpya ya senti 5, nyuma ikiwa na V ya Kirumi bila neno senti. Ukubwa wake ulikaribiana sana na sarafu ya dhahabu ya dola 5. Wajanja wakaipaka dhahabu, wengine wakaichonga na mistari ukingoni, wakaipitisha madukani kama dola 5. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kilikuwa kimeongeza neno lililosahauliwa. Sarafu ile haikupunguzwa uzito hata chembe, lakini muuzaji aliibiwa dola 4 na senti 95, chenji ikiwemo.

Kwa wakusanyaji wa sarafu mambo ni hayo hayo. Senti za Marekani za mwaka 1943 zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilitakiwa vitani, lakini chache za shaba zilipenya kwa bahati mbaya na leo bei yake ni kubwa mno. Anayeipaka shaba ile ya chuma na kuiuza kama adimu ni tapeli mbele ya sheria, ingawa sumaku ya kawaida inatosha kumuumbua. Upande wa noti, kifungu cha 333 nacho kinatazama nia: kinamgusa anayeikata, kuitoboa au kuichafua noti kwa kusudi la kuifanya isifae kurudi kwenye mzunguko, na adhabu yake haizidi miezi 6. Kuigeuza noti kuwa bango la tangazo la biashara kumekatazwa kivyake. Nako kuyeyusha senti kulikatazwa mwaka 2006, si kwa heshima ya Abraham Lincoln aliyechorwa juu yake. Senti zilizotengenezwa kabla ya 1982 zina shaba kwa asilimia 95, bei ya shaba ilikuwa imepanda, na serikali iliogopa zisije zikaishia kwenye tanuri huku yenyewe ikibaki kugharimia mpya. Mtu akipita na mfuko wa senti hizo kwenda tanuri, anaiondoa pesa kazini. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya kosa, na naikubali.

Pwani yetu ina ushahidi wake, na kwangu huo una uzito kuliko wa Marekani. Riyali ya Maria Theresa, iliyoendelea kugongwa Vienna na kwingineko ikiwa na tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, ilizunguka Oman, Yemen, Uhabeshi na Zanzibar vizazi kwa vizazi. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, sehemu yake kubwa fedha. Wafua fedha waliiyeyusha wakafanya vikuku na mitali. Wengine waliitoboa tundu, wakaitia mnyororo na kuivalisha kifuani mwa bibi harusi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu riyali iliyotobolewa haikuweza kurudi sokoni ikijifanya nzima, mizani ilikuwepo. Huko China, wabadilishaji fedha walizigonga sarafu za kigeni mihuri midogo kuonyesha kwamba wameshazipima na kuziridhia, hivyo alama ikawa ndiyo dhamana. Serikali zenyewe zimefanya hayo bila haya. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza, ilipoishiwa sarafu za fedha, ilichukua dola za Kihispania na kugonga kichwa kidogo cha mfalme George III juu ya shingo ya mfalme wa Hispania, jambo lililowachekesha sana watu wa London. Mwaka 1889 Wareno wa Msumbiji waligonga herufi PM zenye taji juu ya rupia na riyali za Maria Theresa ili ziwe pesa zao. Na kuanzia 1907 serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilitoa senti zilizotobolewa katikati tangu kiwandani, watu wakazitunga kwenye kamba. Kama kutoboa pesa kungekuwa kosa kwa asili yake, wa kwanza kizimbani angekuwa gavana.

Ugumu unaanza alama inapogeuka neno. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 ilikataza kugonga majina au maneno juu ya sarafu hata kama uzito haukupungua. Katika makumbusho ya British Museum ipo peni ya shaba ya mwaka 1903 yenye sura ya mfalme Edward VII, na juu ya uso wa mfalme mtu amegonga kwa nyundo, herufi moja baada ya nyingine, madai ya wanawake wapewe kura. Peni ilichaguliwa kwa akili. Thamani yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba benki haikuona faida ya kuiwinda na kuitoa, na ilipita mikono mingi kwa siku moja. Sheria ilivunjwa, hilo halina ubishi. Lakini tafuta aliyeibiwa: peni ilibaki peni, mkate ulinunuliwa, chenji ikarudi. Kilichoumia ni heshima ya mfalme. Mwaka 1928 wanawake wa Uingereza walipata kura kwa masharti sawa na wanaume, na mwaka huo huo bunge lile lile likatunga sheria inayomtoza faini anayepiga chapa au mhuri wa maneno juu ya noti ya Benki ya Uingereza. Sheria hiyo ina kichekesho chake. Usiku wa tarehe 23 Agosti 1994, Bill Drummond na Jimmy Cauty, wanamuziki wa kundi la KLF, walichoma noti za pauni 50 zenye jumla ya pauni milioni 1 katika kisiwa cha Jura, Scotland. Hawakuandika neno, kwa hiyo sheria ya 1928 haikuwahusu. Mwenye mhuri anatozwa faini, mwenye kiberiti anakwenda nyumbani. Kwa hesabu ya uchumi hilo si upuuzi mtupu: aliyechoma pesa zake amejifilisi mwenyewe, na benki kuu imepunguziwa deni. Ila linaonyesha kwamba sheria inapolenga maneno badala ya hasara, mara nyingi inachokilinda ni utulivu wa watawala. Iran mwaka 2009, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, wapinzani waliandika kaulimbiu zao juu ya noti, na jibu la benki kuu likawa tishio la kutozipokea. Aliyetishwa hapo ni kila mwenye duka aliyekuta noti hizo kwenye droo yake.

Nigeria imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 21 cha sheria ya benki kuu yao ya mwaka 2007 kinahesabu kuandika juu ya noti, kuitoboa, kuibana kwa stepla, kuichafua na hata kuikunjakunja kuwa kosa la kuichezea sarafu ya nchi. Kisha kinaongeza kumwaga noti hewani na kucheza juu yake, desturi iliyozoeleka kwenye sherehe zao. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote. Tarehe 12 Aprili 2024 mahakama ya Lagos ilimfunga Idris Okuneye, mtu maarufu mitandaoni kwa jina la Bobrisky, miezi 6 bila nafasi ya kulipa faini, baada ya kukiri kumwaga naira hadharani. Msikilizaji wa taarabu wa Tanga, Mombasa au Unguja anapaswa kuisoma hukumu hiyo kwa makini. Ubeti ukimgusa mtu, huinuka, akacheza taratibu mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji noti mkononi, kichwani, au kwa pini kifuani. Noti moja huanguka chini ikakanyagwa na mpiga tari. Kwa maandishi ya sheria ya Nigeria, hapo makosa ni zaidi ya moja. Ukiuliza nani ameibiwa, jibu ni kwamba hakuna: mtunzaji ameridhia, mwimbaji amefurahi, na noti asubuhi inanunua vitumbua.

Watetezi wa sheria ya namna hiyo husema noti ni sura ya taifa, na taifa lisiloheshimu pesa zake halitaheshimiwa na wengine. Hoja hii inavutia mpaka uipeleke mahali ambapo pesa imekufa. Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100 mwaka 2009, na mwaka huo huo gazeti moja la Wazimbabwe walio uhamishoni lilichapisha matangazo yake juu ya noti halisi za matrilioni, kwa kuwa ziligharimu chini ya karatasi. Wavenezuela waliokimbilia Cúcuta, upande wa Colombia, walisuka mikoba kwa noti za bolivar, mamia ya noti kwenye mkoba mmoja, na mkoba ukauzwa kwa pesa ambayo noti zenyewe zisingeweza kununua. Hakuna sheria ya heshima ingeweza kuzirudishia noti hizo hadhi. Noti huheshimiwa kwa sababu inanunua. Ikiacha kununua, nembo, tai na simba walio juu yake hubaki michoro tu. Kenya kwa upande wake iliamua katika Katiba ya 2010, ibara ya 231, kwamba noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote, na kwa uamuzi huo ilikwisha kuitenga pesa na heshima ya mtawala. Ingekuwa ajabu heshima hiyo irudi kupitia mlango wa jinai.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la gharama, na hilo haliwezi kujibiwa kwa mzaha. Noti zetu ni za karatasi ya pamba, ngumu kuliko ya daftari lakini si ya milele. Zikirudi benki kuu hupitishwa kwenye mashine zinazozichambua kwa kasi: tundu la pini linaonekana, selotepu inaongeza unene, wino wa kalamu unaharibu taswira ambayo mashine imefundishwa kuitambua. Iliyoshindwa husagwa na nyingine huchapishwa, na mlipaji ni mwananchi. Mtengeneza mashada wa noti 100 anaweza kuwa amezifupishia maisha zote kwa mchana mmoja. Nakubali yote hayo. Nisichokubali ni kwamba gharama ni sawa na jinai. Anayekunjakunja noti na kuificha kwenye soksi anaimaliza upesi kuliko aliyeandika tarakimu pembeni. Muuzaji anayepima noti kwa kalamu ya madini ya joto, ile inayoacha weusi kwenye karatasi ya kawaida, anaiwekea noti alama kwa lengo la kuilinda na bandia. India ilipoanzisha sera ya noti safi mwaka 1999 iligundua kwamba wabanaji wakubwa wa noti kwa stepla ni benki zenyewe, zilizokuwa zikifunga mabunda namna hiyo. Mwaka 2001 benki kuu ikaziamuru zitumie mikanda ya karatasi. Kuhusu maandishi, msimamo wake ni kwamba watu waombwe wasiandike, lakini noti iliyoandikwa kwa kawaida inabaki fedha halali. Kanada mwaka 2015, mashabiki wa Leonard Nimoy walipomwomboleza kwa kumchora juu ya uso wa Wilfrid Laurier kwenye noti ya dola 5, benki kuu ilisema kuchora huko si kosa kisheria, ila haipendezi, kunaweza kuharibu alama za usalama, na noti inaweza kukataliwa dukani. Benki hizo mbili zimelinda noti zao kwa maelekezo, bila kumtafuta mtu wa kumfunga.

Hapo kwenye kukataliwa dukani ndipo palipo na majeruhi wa kweli, na sheria zetu hazimtaji. Noti iliyochanika au kuandikwa huzunguka kama moto wa kupokezana: konda anamrudishia abiria kwenye giza la alfajiri, abiria anaiweka katikati ya nyingine na kumpa mama mboga, mama mboga akienda kwa wakala wa pesa za simu anaambiwa hii haipiti. Yeye hakuandika kitu. Ndiye anayebaki nayo, sawasawa na yule wa mwisho kupokea shilingi iliyokatwa enzi za Newton. Ukitaka kuona hali hii ilivyokomaa, nenda Goma, Bukavu au Lubumbashi, huko Kongo, na dola ya Marekani yenye mchaniko mdogo au mhuri wa mbadilishaji fedha pembeni. Itakataliwa, au itapokelewa kwa bei ya kuonea huruma. Marekani yenyewe inasema noti zake zote ni halali bila kujali zilitolewa lini, na idara yake ya uchapaji huilipa noti iliyoharibika ikiwa imebaki zaidi ya nusu. Lakini idara hiyo iko Washington, na mwenye noti yuko Bukavu. Alama ile haikuvunja sheria ya mtu. Imemla mtu wa mwisho kwa sababu hana dirisha la kuibadilishia.

Wako watakaosema kwamba ukiilegeza sheria kila mtu ataandika. Uzoefu hauonyeshi hivyo. Kanada haikufurika michoro, na sijasikia kwamba Wahindi waliongeza kuandika kwa kuambiwa noti iliyoandikwa bado ni pesa. Kinyume chake, kifungu kinachoweza kumshika karibu kila mtu hakimtishi yeyote, ila hubaki mkononi mwa polisi kikisubiri siku atakapotafutwa mtu fulani. Faini ya shilingi 2,000 haimzuii tajiri kuagiza shada la laki moja, ilhali miezi 3 gerezani inatosha kumvunjia biashara binti anayeyatengeneza. Anayeunganisha vipande vya noti mbili ili apate tatu, anayefuta tarakimu na kuandika nyingine, anayesafisha wino wa noti zilizoibwa, hao wana nia, na kwao miezi 3 ni michache. Kifungu kimoja hakiwezi kuwabeba hao pamoja na aliyeandika nambari ya simu bila kumwonea mmoja na kumpendelea mwingine.

Bunge la Kenya halihitaji kwenda London wala Washington kutafuta maneno ya kurekebisha kifungu cha 367A. Kiongezewe sharti la nia, nia ya kudanganya au ya kuifanya noti isitumike, kama lile ambalo kosa la kupunguza sarafu limekuwa nalo tangu 1930. Benki za biashara nazo zitakiwe kuipokea na kuibadilisha noti iliyoandikwa au kutobolewa kwa thamani yake kamili, kwenye kaunta yoyote, bila maswali kwa mtu aliyeleta noti moja au mbili. Kwa sasa sheria ni hiyo iliyopo, basi ukimwandalia mtu shada, tia noti kwenye vifuko bila pini wala gundi, na nambari za simu ziandike kwenye simu. Na ukipewa noti yenye maandishi, usimrudishie mama mboga. Ipeleke benki wewe.